Nani kalipia tangazo? Kufuatilia pesa za siasa za Marekani

Natafsiri habari za Marekani kila siku, na kuna kosa ambalo mhariri alishanirudishia: niliandika kwamba mgombea fulani amerusha tangazo, kumbe yeye hakulipa hata senti. Tangu hapo nafanya hivi.

1. Lisimamishe tangazo sekunde za mwisho. Chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, pameandikwa aliyelipa. Kama mgombea anasikika akisema ameuidhinisha ujumbe huo, ni lake. Sheria ya 2002 inamlazimisha aseme. Kama ni jina tamu tamu la kundi usilolijua, endelea.

2. Liandike jina hilo kwenye fec.gov, tovuti ya Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, uone ni kamati ya aina gani. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. PAC ya kawaida, yaani kamati ya siasa inayokusanya michango, humpa mgombea pesa mkononi, mwisho dola 5,000 kwa kila uchaguzi, na mchujo unahesabiwa mbali na uchaguzi mkuu. Super PAC, zilizozaliwa na hukumu za mahakama mwaka 2010, hupokea kiasi chochote kutoka kwa tajiri, kampuni au chama cha wafanyakazi, ila ni marufuku kumchangia mgombea au kupanga naye matangazo. Kwa hiyo usiandike "imemchangia". Andika "imetumia pesa kumuunga mkono", au kumpinga, maana matangazo mengi ni ya kumponda mtu.

3. Fungua orodha ya michango. Aliyetoa zaidi ya dola 200 ametajwa jina, kazi na mwajiri wake. Ukikuta mchangiaji ni shirika lisilo la faida la kundi la 501(c)(4), namba ya kifungu cha sheria ya kodi, umegonga ukuta: kwa kawaida halilazimiki kuwataja wafadhili wake hadharani. Pesa za namna hiyo waandishi huziita pesa za gizani. Usikisie.

4. Bei na saa za kurushwa zimo kwenye faili la kituo cha televisheni, publicfiles.fcc.gov.

5. Ushawishi bungeni ni daftari jingine. Kwa sheria ya 1995, iliyorekebishwa 2007, washawishi husajiliwa na kutoa taarifa kila miezi mitatu: wanalipwa na nani, kwa muswada upi. Tafadhali usiwaite wala rushwa. Haki ya kupeleka malalamiko serikalini imo katika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yale yanayolinda magazeti.