Kabla hujakwenda Iringa kufuata nyayo za Mkwawa

Wanaorudi Iringa wakilalamika kwamba "hakuna cha kuona" wengi wao walikosea kabla hata ya kupanda basi. Walidhani watakuta uwanja wa vita uliozungushiwa uzio. Hakuna kitu kama hicho. Wahehe na Wajerumani walipigana sehemu zilizotawanyika, na leo huko kuna mahindi, nyumba za watu na mnara wa kumbukumbu kando ya lami. Kwa hiyo cha kwanza kufungasha ni kisa chenyewe.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuvamia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski ukiwa njiani, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa aliponyoka. Alipigana vita vya msituni karibu miaka minne, huku kichwa chake kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000, mpaka alipojipiga risasi Julai 1898 huko Mlambalasi. Wajerumani wakakata kichwa na kukichukua. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini lilifika Kalenga mwaka 1954 tu, Gavana wa Kiingereza, Twining, alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Ukishakijua kisa hicho, ramani nayo inaeleweka. Lugalo iko barabara ya Morogoro, kabla hujafika mjini. Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, na Mlambalasi iliyo mbali zaidi, ziko upande mwingine, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Wanaotaka kuzimaliza zote kwa siku moja huishia kuona vioo vya gari. Tenga siku mbili.

Ukitoka Dar kwa basi, Lugalo utaipita baada ya kupanda mlima Kitonga. Mwambie konda mapema akuoneshe mnara. Mimi mara ya kwanza nilisinzia, nikazinduka tumeshafika Ipogolo, mlangoni mwa mji. Usishukie Lugalo na mabegi. Fika mjini, lala, kesho yake urudi. Ukikodi bajaji au gari, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, la sivyo utaanza kubishana uko porini. Beba noti ndogondogo za viingilio na za kumshukuru anayekuongoza.

Sweta ni lazima. Mji uko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai watu wa pwani huwa tunatia huruma. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni mvua, na njia za vumbi huwa tope. Faida yake ni kwamba ndio msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Onja kidogo, na uonje baada ya matembezi.

Mimi ningeanzia makumbusho ya Boma, ndani ya jengo la Wajerumani pale mjini, yaliyofunguliwa 2016. Hapo utawafahamu Wahehe wenyewe kabla ya kusikia habari za vita vyao. Halafu Kalenga. Makumbusho yake ni madogo, na asiye na subira atayamaliza kwa dakika kumi, ila mwache mwenyeji asimulie. Simulizi lake ndilo ulilolifuata. Salimia kwa "kamwene" uone nyuso zinavyobadilika. Fuvu limo ndani ya kioo. Usitoe simu kabla ya kuomba ruhusa, maana wajukuu na vitukuu wa mwenye fuvu bado wapo, na huenda anayekutembeza ni mmoja wao. Mlambalasi vilevile: ni kaburi, kwa hiyo vaa na ongea kama uko msibani.

Jioni ya mwisho iachie Gangilonga, jiwe kubwa juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe ni "jiwe linaloongea". Viatu viwe vya kushika mwamba, sio ndala, na mwenye bajaji akusubiri chini, kwani jua likizama giza huingia haraka na kushuka ni kugumu kuliko kupanda.