Besi wa milia wa mwanzo wa msimu: fuata maji ya vuguvugu

Somo hili ni la ndugu zetu wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, wanaotaka kumvua besi wa milia (striped bass) kwa nzi bandia, yaani chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoana, kuanzia mwishoni mwa Aprili. Samaki hawa huzaliana kwenye mito ya ghuba ya Chesapeake, na kwenye mito ya Delaware na Hudson, kisha hupanda kaskazini wakifuata chakula. Wa kwanza kufika Rhode Island huwa wadogo, lakini wana nguvu.

Hatua ya 1. Pima joto la maji. Chini ya nyuzi 10 za Selsiasi besi ni mzito wa kula. Zikizidi hapo anachangamka. Mapema hivi, tofauti ya nyuzi mbili tu hukusanya samaki mahali pamoja. Ndiyo maana naacha bahari wazi na kwenda kwenye maziwa ya chumvi, kama Ninigret la Rhode Island. Ziwa halina kina, chini ni tope jeusi, na jua hulipasha mchana kutwa. Maji yakianza kupwa, yale ya vuguvugu hutoka kwa mlango wa Charlestown, mfereji unaoliunganisha ziwa na bahari, yakibeba vidagaa na uduvi, na besi hujipanga pembeni ya mkondo wakingoja. Kupwa kwa alasiri, baada ya siku ya jua, nakuthamini kuliko alfajiri yoyote ya Aprili.

Hatua ya 2. Vifaa. Fimbo ya futi 9, namba 8 au 9 (namba ni uzito wa mshipi inaoubeba), mshipi unaozama taratibu, na mbele yake nailoni ya ratili 20. Vaa suruali ya mpira ya kifuani na ukaze mkanda wake barabara: ukianguka, ndio unaozuia maji ya baridi yasikujae miguuni.

Hatua ya 3. Chambo. Kimoja kinatosha: Clouser Minnow, nyeupe na kijani cha ndimu, urefu wa kidole. Bob Clouser wa Pennsylvania alikibuni 1987 kwa besi wa aina nyingine, wa mto Susquehanna. Macho yake ya risasi hufungwa juu ya shina la ndoana, kwa hiyo majini chambo hupinduka, ncha ikatazama juu, na hakikwami ovyo. Ukivuta kinapanda; ukiacha kinainamisha kichwa na kuzama.

Hatua ya 4. Rusha mshazari kuvuka mkondo, uuache ukibebe chambo, hesabu hadi kumi, kisha vuta shibiri moja na upumzike. Wengi huvuta mbio mno. Maji ya baridi hayataki haraka. Akidaka, usiinue fimbo! Ielekeze majini, vuta mshipi kwa mkono mpaka uhisi uzito, ndipo uinue.

Hatua ya 5. Minya kimiba cha ndoana kwa koleo, na ulowanishe mikono kabla ya kumshika. Tangu 2023 baharini unaruhusiwa samaki mmoja kwa siku, wa inchi 28 hadi kabla ya 31. Soma kanuni za jimbo lako kila msimu, na uwe na leseni.

Maswali ya wanachama

Swali: Kaka, sijui kurusha mbali. Nisubiri kwanza?
Jibu: Usisubiri, dada. Futi 40 zinatosha. Besi hukaa pale mkondo unapokutana na maji yaliyotulia, mara nyingi karibu na miguu yako.

Swali: Jedwali lilionyesha maji yamekupwa kabisa, nikafungasha. Mwenzangu aliyebaki akapata. Kwa nini?
Jibu: Jedwali ni la ufukweni. Mlango ni mwembamba na ziwa ni kubwa, kwa hiyo maji huendelea kutoka muda mrefu baada ya bahari kukupwa. Tazama mkondo wenyewe. Siku za bamvua huwa mkali sana, usiingie kupita magoti.

Swali: Nitajuaje besi niliovua ni wageni, si waliokaa hapa majira yote ya baridi?
Jibu: Mgeuze taratibu utazame karibu na mkia. Wanaotoka baharini huja na chawa wadogo wa kahawia, ambao hudondoka samaki akikaa kwenye maji ya mtoni yasiyo na chumvi. Ukiwaona, kesho rudi palepale kupwa ya alasiri, maana besi husafiri kwa makundi.