Kuipandisha Escudo ya zamani sentimita 5 kwa speisa za kuchonga mwenyewe

Hii ni kwa wenye Suzuki Escudo ile ya kwanza, iliyoanza kutoka Japani 1988, yenye chesisi ya ngazi (fremu ya chini iliyojitenga na bodi). Kama yako ni ya toleo la baadaye au ni RAV4 usifuate kichwa kichwa, mbele zinatofautiana sana.

Kabla hujaenda kwa mchomeleaji chukua futi, paki gari sehemu tambarare, pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda miguu yote minne na uandike. Ya kwangu upande wa dereva ulikuwa chini sentimita 2 kuliko wa abiria, yaani nusu ya "lifti" niliyokuwa naitaka ilikuwa ni springi zimechoka tu bana. Kama zako ziko hivo badilisha springi kwanza, maana speisa (kipande kigumu cha kuinulia springi) juu ya springi mfu ni kupaka rangi ukuta wenye nyufa.

Jambo lingine wengi hawaambiwi: difu ya nyuma ya Escudo (lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa matairi) iko kwenye eksi yenyewe, kwaiyo hata uweke speisa ya nusu mita difu haipandi hata milimita, kinachopanda ni bodi na chesisi. Difu inainuliwa na tairi peke yake. Kutoka 195/80R15 kwenda 235/75R15 unapata kama sentimita 2 chini ya difu, na hapo ndipo lifti inapokuwa na maana kwa sababu bila kuipandisha gari tairi hilo litasugua ukikata kona. Ujue pia spidomita itakudanganya, ikisema 100 wewe uko kama 106.

Sasa hesabu, hapa ndo mimi nilipotea. Nyuma springi imekaa juu ya eksi kwaiyo speisa ya sentimita 5 inakupa karibu sentimita 5, sawa. Mbele springi haijazunguka shokapu kama gari nyingi, iko peke yake, imekaa kwenye mkono wa chini katikati kati ya bushi (raba ya upande wa chesisi) na boljointi (kiungo cha upande wa tairi), kwaiyo ukiisukuma springi kidogo tairi linashuka zaidi. Mimi nikachonga speisa za 5 mbele na nyuma nikijua zitalingana, gari ikashuka kwenye jeki pua imepanda karibu sentimita 8, inaangalia mawingu kama boti. Shokapu za mbele zilikuwa zimenyooka mpaka mwisho, kila rasta barabarani zinagonga ko ko ko, na wiki ya tatu buti (raba za kufunika) za sivi joint, vile viungo vya eksi za mbele, zikapasuka zote mbili grisi ikatapakaa ndani ya rimu.

Usirudie. Lala chini ya gari upime toka boliti ya bushi ya mkono mpaka katikati ya springi, alafu toka boliti hiyo hiyo mpaka boljointi. Yangu ilikuja sentimita 20 na 32, ukigawanya 32 kwa 20 ni 1.6, maana yake speisa ya milimita 30 inanipa kama milimita 48 kwenye tairi. Nyuma nikaweka ya milimita 45, na hapo ndo mwisho. Ukitaka zaidi ya sentimita 5 lazima ushushe difu ya mbele ili sivi joint zisikae kwenye pembe kali, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Speisa zichongwe kwa nailoni ngumu ya duara au alminiamu ya baa. Ile alminiamu ya kuyeyusha masufuria usichukue, ndani ina matundu ya hewa huyaoni mpaka ipasuke. Mbao usithubutu, na vipande vya tairi pia hapana, vinabonyea kila siku na gari inaanza kulala upande. Mimi nilichonga nailoni Gerezani, Dar, kwa fundi wa mashine ya kukereza, nikampelekea ile raba ya juu ya springi aipimie kwa venia (kile kipimo cha milimita) badala ya kumtajia saizi kwa mdomo. Cha muhimu speisa iwe na mdomo wa kama milimita 10 unaoingia ndani ya springi ili isihame, na upande wa pili ikae vizuri kwenye kikombe cha chesisi. Raba ya zamani unairudisha, isije ikalia chuma kwa nailoni.

Kufunga mbele ndo kazi ya hatari, nisikilize hapa vizuri. Jeki stendi mbili chini ya chesisi, sio chini ya mkono, na magurudumu ya nyuma yakingiwe mawe. Toa tairi, toa kalipa ya breki uifunge na waya juu isininginie kwenye hozi yake, toa linki ya stabilaiza. Weka jeki ya magurudumu chini ya mkono ibebe uzito. Alafu PITISHA MNYORORO ndani ya springi na kuzunguka chesisi, ufunge na boliti nene. Springi ile imebanwa na nguvu ya kumvunja mtu taya, fundi akikuambia yeye huwa hafungi mnyororo mtafute mwingine. Ndo ufungue boljointi, ushushe jeki taratibu huku umekaa pembeni sio mbele yake, mpaka springi ilegee kabisa. Eksi ya sivi ishikilie kwa kamba isivutike. Weka speisa juu, rudisha springi ikae kwenye alama yake ya chini, pandisha jeki, funga.

Nyuma ni rahisi mno. Fungua shokapu chini, shusha eksi kwa jeki, springi zinatoka kwa mkono. Ila ukiwa unashusha mtu mmoja aangalie ile hozi ya breki ya katikati inayotoka chesisi kwenda kwenye eksi. Yangu ilikaza kama uzi wa gitaa kabla eksi haijafika mwisho, ukiipiga kwa kidole inalia. Usiiunge hozi hata siku moja. Nilikata kipande cha bati la milimita 4, nikatoboa matundu mawili, nikakishusha kile kishikio cha hozi sentimita 4 chini ya kilipokuwa, imekaa mpaka leo. Angalia na kapaipu ka kupumulia difu, nako kasivutike.

Alafu kuna kitu kinasahaulika sana, valvu ya breki ya nyuma yenye fimbo iliyofungwa kwenye eksi, kama yako inayo. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipandisha gari fimbo inaiambia valvu kwamba gari haina kitu, kwaiyo breki za nyuma zinapunguziwa nguvu muda wote hata ukiwa umejaza magunia. Tengeneza kishikio kirefu ili fimbo irudi kwenye pembe yake ya mwanzo.

Shokapu za nyuma nunua ndefu kidogo ukiweza. Usiweze basi chomelea kishikio cha U cha bati la milimita 6 kwenye sehemu ya chini, ila usichome karibu na shokapu yenyewe wala springi, springi ikipata moto imekufa, na toa terminali ya betri kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari. Stopa raba za nyuma nazo zishushe kiasi kile kile cha speisa, la sivyo ukipiga shimo na mzigo springi itajibana koili kwa koili.

Boliti zote zenye bushi za raba zifunge kwa mkono tu kwanza, shusha gari chini, itikise, ndo ukaze. Ukizikaza gari ikiwa hewani bushi zinakaa zimejisokota na zinachanika mapema, alafu utawalaumu wauza spea bure.

Zungusha usukani mwisho kulia na kushoto, chungulia buti na hozi za mbele. Siku hiyo hiyo nenda alaimenti, matairi ya mbele yatakuwa yamefunguka kwa juu, na kama hairudi waambie waweke boliti za kemba (za kurekebisha mlalo wa tairi) kwenye shokapu, zile zenye tumbo. Gari sasa inalala zaidi kwenye kona, kwaiyo ile spidi uliyozoea nayo kule kwenye kona za mlima Kitonga isahau.

Mwisho piga mstari wa rangi ya kucha toka kwenye nati mpaka kwenye chuma, nati zote ulizogusa. Baada ya kilomita 100 lala chini na tochi uangalie. Yangu moja mstari ulikuwa umeachana, nati ya shokapu ya nyuma kushoto.