Namna ya Kukagua Bunduki ya Bolti Iliyoundwa kwa Oda Kabla ya Kuinunua Mkononi

Tangu serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, marufuku ambayo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaendelea kuishikilia, bunduki za kuwindia zinazouzwa mkononi huku kwetu Nakuru, Njoro na Molo hununuliwa na walenga shabaha, wakusanyaji, na wachache wanaosafiri kwenda kuwinda kihalali Tanzania. Nyingi ziliundwa kwa oda: fundi alichukua fremu ya kiwandani (kiwiliwili cha chuma kinachobeba mtutu na bolti, yaani kifungio kinachosukumwa kwa mkono), mara nyingi ya bunduki ya Kijerumani ya Mauser 98, akaifungia mtutu mwingine, akachonga chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na kuitengenezea kitako cha mti wa jozi. Tatizo la bunduki ya namna hii ni kwamba haina kitabu cha kiwanda cha kuitetea. Maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu ni dai la mtu, na dai hilo halina budi kuthibitishwa na chuma chenyewe.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huruhusiwi kununua wala kukaa na bunduki au risasi bila cheti, kwa hiyo usipokee silaha ya mtu "ukaijaribu nyumbani" hata kama muuzaji ni jirani yako wa miaka mingi. Ukaguzi ufanyike kwa muuzaji mwenye leseni, naye mwenye bunduki akiwepo. Linganisha namba ya fremu na ile iliyo kwenye cheti, kisha utazame namba ya bolti. Zikitofautiana, bolti ilitoka kwenye bunduki nyingine, na hatua ya tatu inakuwa ya lazima maradufu. Ukiona mihuri ya majaribio ya Uingereza, inayogongwa baada ya silaha kujaribiwa kwa risasi kali, iwe ya London, ambako kazi hiyo imefanywa tangu 1637, au ya Birmingham, tangu 1813, uliza iko juu ya chuma kipi. Muhuri ulio kwenye fremu pekee hausemi lolote kuhusu mtutu uliofungwa baadaye.

Hatua ya pili: fungua bolti, tazama chemba na magazini, kisha ingiza kidole ujiridhishe kuwa hakuna risasi. Fanya hivyo kila bunduki inapobadilisha mikono, hata ikiwa umemwona mwenzako akifanya hivyo sasa hivi.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua kama mnaendelea au mnaagana. Kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi kuna nafasi ndogo ambayo ikizidi, ganda la risasi hunyooka na linaweza kukatika ndani ya chemba, na gesi yenye moto ikarudi usoni kwa mpigaji. Nafasi hiyo hupimwa kwa geji mbili, vipande vya chuma vyenye umbo la risasi. Fundi mwenye leseni anaondoa kwanza pini ya kufyatulia, anaweka geji ya kwanza na kufunga bolti kwa ncha ya kidole bila kulazimisha, inapaswa kufunga. Anaweka ya pili, ambayo ni ndefu kidogo. Bolti ikikubali kufunga juu ya hiyo, usiipige bunduki hiyo hata risasi moja. Kwa .375 H&H, kalibari (aina ya risasi) ya Holland & Holland iliyozinduliwa 1912, geji huegemea mshipi ulio karibu na kitako cha ganda, tofauti na kalibari ya .30-06 ambayo huegemea bega, mahali ganda linapopungua kuelekea shingo, kwa hiyo hakikisha fundi ana geji za kalibari yako hasa.

Hata geji zikikubali, bado hujajua umbo la chemba yote. Mafundi wa oda walipenda kuichonga upya chemba ya .30-06 iwe ya Ackley Improved, yaani umbo lililopanuliwa ambalo bega lake lina nyuzi 40 badala ya 17.5, huku maandishi ya zamani yakiachwa vilevile. Dawa yake ni kuimiminia chemba Cerrosafe, madini laini yanayoyeyuka katika joto lisilofikia la maji yanayochemka. Fundi huziba mtutu mbele ya chemba kwa kitambaa, humimina, na kipande kikishaganda hutolewa. Madini hayo husinyaa kwanza kisha hutanuka, na baada ya takriban saa moja huwa na ukubwa halisi wa chemba. Hapo ndipo yapimwe kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya bunduki, na muuzaji anayeikataa ameshakupa jibu.

Hatua ya nne, mtutu. Mwombe muuzaji ausafishe kwanza, kwa sababu shaba iliyoachwa na risasi hufunika mashimo ya kutu. Kwa kamera ndogo ya mtutu tazama sehemu iliyo mbele ya chemba: chuma kilichochoka huwa na nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokauka. Mdomo wa mtutu nao uwe na ukingo safi pande zote, maana pengo dogo hapo huharibu shabaha kuliko kutu kidogo katikati.

Kuhusu kitako, uzuri wa mbao usikupumbaze. Bunduki yenye teke kali hupasua mbao nyuma ya fremu, mahali mkono unaposhika, na ufa huo hufichwa kwa mafuta. Legeza skrubu ya mbele huku kidole kimegusa mtutu na mbao kwa pamoja. Ukihisi mtutu ukiinuka, fremu haikulala sawasawa.

Kifyatulio kijaribiwe bila risasi. Weka kifungio cha usalama, vuta kifyatulio, kiachie, kisha ondoa kifungio. Pini ikiruka, bunduki hiyo ni hatari. Baadaye funga bolti kwa nguvu, na ugonge kitako sakafuni juu ya mpira. Pitisha pia risasi za bandia kutoka magazini, polepole na upesi.

Mwisho ni uwanja wa shabaha wenye kibali, ukiwa na kinga ya macho na masikio na risasi mpya za kiwandani. Baada ya risasi ya kwanza, chunguza ganda lake. Mstari unaong'aa ukizunguka ganda juu kidogo ya kitako ni dalili kwamba linakaribia kukatika, na hapo majaribio yamekwisha. Likiwa salama, piga makundi ya risasi tatu na kuuacha mtutu upoe kila baada ya kundi. Kundi ambalo matundu yake yaliyo mbali zaidi yametengana milimita 30 kwa mita 100 ni zuri kwa bunduki ya kuwindia.

Maswali ya wanachama

Swali, Kisumu: Mwalimu, bunduki ninayoitazama imekaa karibu na ziwa miaka mingi, lakini nje inang'aa. Niogope nini?

Jibu: Ndugu, omba itolewe kwenye kitako. Unyevu hujificha chini ya mstari wa mbao, na mtu anayepaka mafuta nje kila wiki hafiki huko. Uliza pia kama ilipigwa risasi za zamani zenye viwashio vya chumvi. Chumvi hiyo huvuta maji hewani na kula mtutu kwa ndani, nayo haiondoki kwa mafuta peke yake bali kwa maji moto.

Swali, Kakamega: Muuzaji ananipa bure risasi alizojaza mwenyewe. Nizitumie kwenye majaribio?

Jibu: Hapana. Hujui baruti wala kipimo chake, na risasi nazo zinahitaji kuwa ndani ya cheti chako.

Swali, Njoro: Bolti inakwama kidogo. Kuna fundi wa jua kali hodari sana wa lathe. Hawezi kuyasugua meno ya bolti yanayoifunga kwenye fremu?

Jibu: Umahiri wake siupingi, lakini kazi ya bunduki ni ya mwenye leseni. Zaidi ya hayo, Mauser 98 imekazwa uso wa chuma tu, ndani ni laini. Ukiusugua uso huo, meno huanza kujichimbia ndani ya fremu kila unapopiga, na nafasi ya chemba inaongezeka. Kukwama kwenyewe pengine ni dalili kwamba jambo hilo limeshaanza. Rudia kipimo cha geji kabla ya kujadili bei.