Kubashiri theluji ya Kibo ukiwa Moshi

Anza na msimu. Theluji nyingi ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huanguka masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba). Kwa vuli, soma taarifa ya msimu ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), kisha angalia Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yamepoa, mvua huzidi, kama ilivyokuwa 2019. Juni hadi Septemba ni kiangazi, ila usimwahidi mgeni kilele kikavu.

Pili, joto la kileleni. Hapa ndipo watu hupotea. Ukiandika "Kilimanjaro" kwenye simu, unapewa joto la mlima uliokatwa kichwa. Modeli (programu ya kompyuta inayobashiri hewa) ya Ulaya hugawa dunia kwa vipande vya kilomita 9 hivi, ya Marekani (GFS) takriban 13, na ndani ya kipande kimoja kilele na mabonde huchanganywa kuwa mwinuko mmoja. Joto linazidi, theluji inaandikwa mvua. Achana na namba hiyo. Fungua safu ya 500 hPa (tabaka la hewa lenye kanieneo hiyo), usome joto na upepo wake. Kwetu tropiki safu hiyo hukaa karibu mita 5,870, bega kwa bega na Uhuru, ncha ya Kibo (5,895). Programu zikiandika mita 5,500, hicho ni kipimo cha wastani wa dunia, usihangaike nacho.

Sasa piga hesabu. Palipo na mawingu, joto huongezeka nyuzi 6.5 hivi kila unaposhuka mita 1,000. Safu ikisoma −7, nyuzi sifuri, yaani pa kuganda, iko mita 1,080 chini yake, karibu 4,800. Lakini theluji haiyeyuki hapo hapo. Hushuka mita 200 hadi 300 zaidi, kwa hiyo mahema ya kambi ya Barafu (4,673) yatalemewa na theluji yenye majimaji. Ikisoma −5, sifuri hupanda hadi 5,100: Barafu mtalowa mvua ya baridi, theluji mtaikuta njiani. Siku ya anga kavu usitumie 6.5, kwani hewa kavu hubadilika joto haraka zaidi.

Saa: majedwali mengi hutumia UTC (saa ya pamoja ya dunia), sisi tuko mbele saa tatu. Kundi likitoka Barafu saa sita usiku wa kuamkia Jumanne, soma 21:00 ya Jumatatu. Ukisoma 21:00 ya Jumanne, umebashiri usiku ambao wageni wako wameshashuka kwa njia ya Mweka.

Kiasi: milimita 1 ya maji ni kama sentimita 1 ya theluji, pungufu ikiwa na majimaji.

Mwisho, toka nje uangalie mlima, ukiwezekana saa kumi na mbili asubuhi kabla wingu halijapanda kutoka msituni. Rula yako ni Mawenzi, kilele jirani ya Kibo (5,149). Imelala nyeusi, imeamka nyeupe? Theluji imeshuka chini ya hapo. Kama hesabu yako ya jana ilisema theluji itaishia 5,400, leo punguza mita 250 au zaidi.