Kabla ya kuongeza mkaa kwenye bruda, zuia joto lisitoke

Mfugaji wa kuku katika maeneo ya baridi kama Njombe, Makete au Limuru akiona vifaranga wake wamejikusanya pamoja na kulia usiku, jambo la kwanza analofanya ni kuongeza mkaa kwenye jiko la bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga. Huenda kwa usiku ule hana njia nyingine, lakini mara nyingi kasoro haiko kwenye jiko. Joto linazalishwa vya kutosha, ila halikai. Linapita sakafuni, ukutani na kwenye paa karibu kwa kasi ileile linavyozalishwa.

Kifaranga wa siku moja ana malaika tu mwilini, yaani manyoya laini ya mwanzo, na katika wiki mbili za mwanzo hawezi kulinda joto la mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha joto hupunguzwa kwa takriban nyuzi 3 kila wiki mpaka kufikia kama 21. Kipimo hicho kichukuliwe usawa wa mgongo wa kifaranga, yaani sentimita 5 hivi juu ya maranda. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani kwenye usawa wa macho ya mtu kinapima joto la hewa ambayo kifaranga haishi ndani yake, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu na ile ya baridi hubaki chini.

Vitu havilingani katika kupitisha joto, na wahandisi hupima tofauti hiyo kwa wati kwa kila mita kwa kila digrii. Chuma cha bati kinapitisha takriban 50, zege kiasi cha 1 hadi 1.7, maji 0.6, mbao laini kavu karibu 0.13, maranda makavu ya mbao karibu 0.06, na hewa iliyotulia 0.026. Tarakimu hizo zinaonyesha kwamba kizuizi bora cha joto alichonacho mkulima ni hewa ambayo haisogei. Maranda, maganda ya mpunga na nyasi kavu hufanya kazi nzuri kwa sababu yanashika hewa hiyo katikati yake na kuizuia isizunguke.

Tuchukue chumba chenye mita 10 za mraba za kuta za bati tupu, ndani kukiwa na nyuzi 30 na nje nyuzi 15. Bati la namna hiyo hupoteza takriban wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti, hivyo kuta hizo pekee zinapoteza kama wati 900. Kilo moja ya mkaa mzuri mkavu ina nishati ya takriban megajuli 29, na ikiungua polepole kwa saa 10 inatoa wastani wa wati 800. Kwa maneno mengine, kilo nzima ya mkaa inateketea usiku kucha bila hata kufidia kinachopotea kupitia bati, kabla hatujahesabu paa wala sakafu. Sasa weka ukuta wa pili wa ndani, wa mbao za mabanzi, mianzi au viroba vilivyokazwa kwenye fito, kisha jaza maranda makavu unene wa sentimita 5 katikati yake. Upotevu wa kuta zilezile unashuka hadi kama wati 150. Kununua bati nene zaidi hakusaidii chochote hapa, kwa kuwa chuma chenyewe hakikuwa kizuizi tangu mwanzo.

Paa lina tatizo la ziada ambalo wengi hawalitambui. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hata hewa ya nje, na kifaranga aliye chini yake hupoteza joto kwa mnururisho, yaani joto linalotoka mwilini moja kwa moja bila kubebwa na hewa, kuelekea kwenye bati hilo hata kama kipimajoto kinaonyesha hewa inatosha. Dari la mkeka, maboksi yaliyokunjuliwa au viroba vilivyojazwa maganda ya mpunga linakata njia hiyo. Dari lisiwe juu sana katika sehemu ya bruda, kwa sababu kila mita ya urefu isiyohitajika ni hewa inayopashwa moto bure.

Sakafu ndiyo inayostahili uangalifu kuliko vyote, kwa kuwa kifaranga anaigusa muda wote. Zege likiwa na baridi huvuta joto kupitia miguu na tumbo lake, naye akipoa hupunguza kula na kunywa, na mara nyingi kitovu ambacho hakijafunga vizuri kinakuwa mlango wa ugonjwa. Tandaza maranda makavu ya sentimita 8 hadi 10, na washa moto saa 24 kabla ya vifaranga kufika ili joto lipate muda wa kuingia kwenye zege. Maranda yakiwa ya moto juu huku sakafu ikiwa bado baridi, joto litaendelea kushuka chini usiku kucha. Kwenye sakafu ya udongo, tanguliza karatasi ya nailoni ili unyevu wa ardhini usipande.

Unyevu ndio adui mkubwa wa kazi hii yote. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo maranda yakilowa, nafasi iliyokuwa na hewa inachukuliwa na maji na tandiko linageuka kuwa daraja la kupeleka joto ardhini. Juu ya hapo, maji yanayokauka hunyonya joto, na kinyesi kilicholowa hutoa amonia. Weka vinyweshea juu ya matofali au wavu mdogo, na yatoe maranda yaliyolowa siku hiyohiyo badala ya kuyafunika kwa mengine makavu.

Kuzuia joto kusichanganywe na kuziba hewa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na hutoa gesi hiyo hata baada ya moshi kwisha na makaa kuwa mekundu. Acha matundu sehemu ya juu ya kuta mbili zinazotazamana, ziba upepo wa chini tu, na mtu yeyote asilale ndani ya chumba cha bruda chenye jiko. Jiko likae juu ya matofali, lizungushiwe wavu, na liwe mbali na ukuta wenye maranda, kwa kuwa kitu kizuri cha kuzuia joto mara nyingi ni kitu chepesi kushika moto.

Bruda isiyotumia moto, ambayo imeenea kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji nchini Kenya, inatumia kanuni hizohizo kikamilifu: kiboksi chenye kuta zilizojazwa nyasi kavu au maranda na mfuniko wa mto mwembamba, ambamo vifaranga hupashana joto wenyewe. Inafaa, mradi idadi iendane na ukubwa wake. Vifaranga wachache ndani ya kiboksi kikubwa hawazalishi joto la kutosha, na wengi kupita kiasi hukosa hewa. Katika baridi kali ya Julai mimi nisingeitegemea peke yake siku za mwanzo; chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa zinafaa kuwekwa pembeni.

Baada ya marekebisho, vifaranga wenyewe watakuonyesha hali ilivyo. Wakitawanyika sawasawa joto linatosha, wakikimbilia upande mmoja kuna upepo unaoingia, na wakikaa mbali na jiko huku wakihema, punguza mkaa. Ukuta uliojazwa maranda ukaguliwe kila baada ya kundi moja kutoka, kwa sababu maranda hushuka taratibu na kuacha pengo sehemu ya juu, na panya hupenda kuchimba humo. Ongeza maranda makavu mpaka juu, shindilia kwa mkono bila kuyakandamiza sana, na badilisha sehemu yoyote iliyoingiwa na maji ya mvua.