Unarifainansi mkopo wa nyumba? Andaa ushahidi wa malipo kwanza

Watu wengi wakitaka kurifainansi, yaani kuchukua mkopo mpya ili kulipa ule wa zamani, wanakimbilia kuulizia riba tu, halafu wanakwama pale ofisa mikopo anaposema haya, lete ushahidi kwamba ulikuwa unalipa kwa wakati. Kulipa umelipa kweli, ila karatasi huna.

Kawaida wanataka kuona miezi 12 ya mwisho, wengine wanaenda mpaka 24. Kwa hiyo anza na stetimenti ya mkopo kutoka benki inayokudai, sio ya akaunti yako, hizi ni mbili tofauti na watu wanazichanganya sana. Ya mkopo inaonyesha rejesho lilitakiwa lini, limeingia lini, kiasi gani kimekatwa riba na kiasi gani kimepunguza deni. Omba pia barua yenye muhuri inayotaja salio na kusema kama kuna malimbikizo. Omba mapema, mi yangu ilichukua wiki tatu na huku benki mpya wananipigia simu kila siku iko wapi.

Ukizipata, kaa chini uweke ya mkopo na ya akaunti pamoja, pitia mwezi kwa mwezi. Hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Mfano rejesho linatakiwa tarehe 1, we umelipa tarehe 30 Ijumaa jioni, hela imetoka kwenye akaunti siku hiyo hiyo ila kwenye mkopo imesomeka Jumatatu tarehe 3, basi kwenye karatasi unaonekana umechelewa wakati hujachelewa. Weka alama mistari yote miwili na uandike maelezo mafupi, usisubiri mpaka wakuulize. Na kama kweli ulichelewa sema ukweli na sababu yake, siku mbili tatu mara nyingi hazina uzito kama kupitiliza siku 30, hiyo ya siku 30 ndo inayoumiza.

Tuma kurasa zote tafadhali. Kama stetimenti ina kurasa 5 tuma 5 hata kama ya mwisho ni tupu, na skrinishoti ya simu isiyoonyesha jina wala namba ya akaunti haisaidii kitu. Kama deni lako lilihamishiwa kampuni nyingine katikati ya mwaka, chukua stetimenti za kote kuwili ili usibaki mwezi wenye pengo.

Waliokopeshwa na mtu binafsi, mfano aliyekuuzia nyumba, wana kazi zaidi maana malipo hayo mara nyingi hayapo kwenye ripoti ya mikopo (rekodi ya jinsi unavyolipa madeni yako). Barua yake peke yake mara nyingi haitoshi, ambatanisha mkataba na ushahidi wa hela kutoka kwako kwenda kwake kila mwezi. Ulikuwa unampa keshi? Tafuta risiti zenye sahihi, na kuanzia mwezi huu mlipe kupitia benki.

Halafu usiache kulipa mkopo wa zamani eti kwa sababu mpya unakaribia kupita. Endelea kulipa mpaka upate uthibitisho kwamba wa zamani umefungwa, maana benki mpya wanaweza kuangalia tena dakika za mwisho.